Zeze la Babu na Maji ya Chumvi

Zeze la babu yangu limening'inia ukutani mwa nyumba yangu hapa Lushoto tangu watoto wangu hawajazaliwa. Ni ubao mwembamba unaopungua kidogo urefu wa mkono wa mtu mzima. Upande mmoja umechongwa vinundu vitatu vya kubonyezea uzi, na nyuma yake pamefungwa nusu ya kibuyu kikavu ambacho mpigaji hukiegemeza kifuani ili sauti ikue. Kibuyu hicho kimepasuka. Nyuzi zake zimekatika zote isipokuwa mmoja, nao si wa ukindu wala wa mshipa wa mnyama. Ni mshipi wa kuvulia samaki, uzi uliosokotwa, mweusi kwa moshi wa miaka mingi.

Mshipi wa samaki katika nyumba ya Msambaa, juu ya mlima, karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari! Wageni wengi wamepita sebuleni kwangu wakalitazama zeze hilo wasiulize kitu. Aliyeuliza alikuwa mmoja tu, naye alikuwa mtu wa mbali.

Ilikuwa mwaka 2012, mwezi wa Februari. Mfaransa mmoja mzee na mkewe walikuwa wakizunguka dunia kwa chombo chao kidogo cha matanga. Walitia nanga Tanga, na joto lilipowazidi wakapanda basi hadi Mombo, na kutoka Mombo wakapandishwa huku kwetu kwenye ubaridi. Kijana mmoja niliyewahi kumfundisha historia shuleni alikuwa akiwaongoza, akawaleta kwangu kunywa chai. Mzee yule alibeba sanduku kifuani kama mtu abebavyo mtoto mchanga.

Alipolifungua, alitoa kitu ambacho nilikuwa nimekiona katika picha za vitabu tu. Waingereza hukiita hadigadi. Mimi nitakiita kinanda cha gurudumu, maana ndivyo kilivyo. Ni sanduku la mbao lenye nyuzi, na katikati yake pana gurudumu dogo la mti linalozungushwa kwa mkono wa chuma. Gurudumu hilo husugua nyuzi kama upinde wa fidla usiofika mwisho. Mkono wa kushoto hubonyeza vijiti vinavyougusa uzi wa kuimbia na kubadili sauti yake. Nyuzi nyingine hazibadiliki, hunguruma chini kwa chini mfululizo kama nyuki ndani ya mzinga. Wajukuu wangu walikusanyika mlangoni. Mmoja akasema, "Babu, anasaga mahindi!" Tukacheka sote, na mzee yule alipofasiriwa akacheka kuliko sisi.

Kinanda hicho ni cha zamani sana. Katika kanisa kuu la Santiago de Compostela, Hispania, kuna lango la mawe lenye tarehe ya mwaka 1188, na juu yake wamechongwa wazee wawili waliopakata kinanda kimoja cha namna hiyo, mmoja akizungusha na mwenzake akibonyeza. Baadaye kikapunguzwa kikatosha mtu mmoja. Kikawa ala ya ombaomba na vipofu. Katika karne ya 18 mabibi wakubwa wa Ufaransa wakakipenda wakakipamba kwa pembe za ndovu, kisha wakakichoka, kikarudi kwa wanakijiji.

Lakini siku ile hakikulia vizuri. Sauti ilipanda na kushuka kama mtu mwenye kwikwi. Mzee akatueleza sababu yake. Gurudumu lazima liwe duara kamili, na hewa ya bahari hulifanya mti wake uvimbe. Nyuzi za utumbo hulegea usiku na kukaza mchana. Pamba inayozungushwa kwenye nyuzi hushika unyevu, na ulimbo unaopakwa kwenye gurudumu hugeuka tope. Alikuwa akikiweka kinanda chake katikati ya vifuko vya mchele mkavu, na bado kila bandari ilimlazimu kukitengeneza upya. "Mwalimu," aliniambia, "mababu zangu hawakukipeleka kitu hiki baharini. Mjinga aliyeanza ni mimi."

Kisha akainua macho ukutani, akasimama, akausogelea ule uzi mmoja. Alikuwa mtu wa chombo, aliujua mshipi alipouona. Akasema, "Lakini hili la kwako limefika baharini."

Ndipo nilipolazimika kuwaeleza habari za babu.

Babu alizaliwa katika kijiji kilicho upande wa Soni. Katika miaka ya 1930, kodi ilipokuwa kubwa na fedha haba, aliteremka na vijana wenzake kwenda Pemba kuchuma karafuu. Walishuka kwa miguu hadi Mombo, wakapata gari moshi hadi Tanga, na Tanga wakapanda jahazi. Hakuwa amewahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Alichukua blanketi, panga, na zeze.

Usiku wa kwanza zeze liligoma. Nyuzi zake za ukindu zilikunywa unyevu wa chumvi zikalegea, akawa akizikaza na zinakatika. Mabaharia wakamcheka yule mtu wa milimani na ubao wake. Lakini siku ya pili upepo ukafa. Bahari ikawa shwari, tanga likaning'inia kama nguo iliyoanikwa, na jahazi likakaa mahali pamoja juani. Baharia mmoja, kwa kuchoka kukaa bure, akakata kipande cha mshipi wake akampa, akamwambia ajaribu huo. Mshipi haukulegea. Babu akapiga nyimbo za kwetu za kulima, na wale watu wa pwani wakazipigia makofi, na mmoja akatwaa debe akaligeuza ngoma. Babu alisema upepo uliporudi nahodha alimwamuru asiache kupiga mpaka foromali ipande juu. Alirudi Usambara baada ya msimu na fedha za kodi, na shuka ya mkewe, na ule mshipi.

Hadithi hiyo niliisikia mara nyingi utotoni, nami niliiona kuwa kichekesho tu. Nilipokuwa mwalimu nikaanza kusoma juu ya mambo ya bahari yetu, ndipo nilipotambua kwamba babu hakuwa mtu wa kwanza kulipeleka zeze majini. Alikuwa analirudisha.

Tazama jambo hili. Visiwa vya Komoro wanayo ala iitwayo dzendze. Bukini, yaani Madagaska, wanayo jejy, nayo ina ubao, vinundu na kibuyu kama letu, hata huitwa jejy voatavo kwa sababu ya kibuyu chake. Shelisheli, mbali katikati ya bahari, wazee walipiga ala iitwayo zez. Zeze, dzendze, jejy, zez: mtu hahitaji kuwa mtaalamu wa lugha kuona kwamba hawa ni ndugu wa tumbo moja. Tena ala za ubao na kibuyu zinazofanana na hizo zimeonekana hata Sulawesi, Indonesia. Wale waliohamia Bukini katika milenia ya kwanza walitoka huko kwa vyombo vyao, na lugha ya Kimalagasi hadi leo ni jamaa ya lugha za Borneo. Kwa hiyo wataalamu wengi wa ala wanaona kwamba ubao huu wenye kibuyu uliingia Afrika kwa njia ya maji. Kitu tunachokiita cha asili kabisa, cha bara na cha mlimani, huenda kilishuka pwani kutoka kwenye chombo, kikapanda polepole hadi kwetu.

Habari ya Shelisheli ndiyo inayonichoma zaidi. Visiwa vile havikuwa na wenyeji. Makazi ya kwanza yaliwekwa na Wafaransa mwaka 1770. Kila zez lililolia huko baada ya hapo lililetwa na mtu aliyefika kwa chombo, na wengi wa waliofika walikuwa watumwa kutoka Bukini na pwani ya Afrika ya Mashariki. Baadaye, tangu mwaka 1861 na kuendelea kwa miaka kumi hivi, manowari za Kiingereza ziliteremsha huko Waafrika zaidi ya 2,000 waliokamatwa ndani ya majahazi ya wafanya biashara ya watumwa.

Miaka hiyohiyo milima yetu ilikuwa ikivuja damu. Kimweri ye Nyumbai, mfalme mkubwa aliyekaa Vugha, alifariki mwaka 1862, na Wakilindi wa ukoo wake wakagombana. Abdallah bin Hemedi ameyaandika mambo hayo kwa urefu katika Habari za Wakilindi, na kila Msambaa ajuaye kusoma angepaswa kukisoma kitabu hicho. Katika vita vile watu walikamatwa wakauzwa, wakateremshwa njia za Pangani na Tanga, njia ileile aliyopita babu akiwa huru miaka sabini hivi baadaye.

Mtu aliyefungwa mnyororo habebi zeze. Hilo ndilo nililolifikiri usiku mwingi. Babu alibeba blanketi, panga na ala yake. Wale hawakubeba kitu. Walichofika nacho kilikuwa ndani ya vichwa vyao: namna ya kuchonga vinundu, mahali pa kufunga kibuyu, mwendo wa wimbo. Wakatafuta mti wa huko na kibuyu cha huko, wakatengeneza upya. Chumvi haikukiharibu kitu kile kwa kuwa hakikuwa cha mti.

Nilipomweleza mgeni wangu hayo, alikaa kimya muda mrefu, kinanda chake mapajani.

Nisije nikamfanya msomaji adhani kwamba zeze lilisafiri peke yake. Bahari yetu ilijaa ala. Mwezi wa Aprili mwaka 1498, Vasco da Gama alipofika Malindi, mfalme wa mji alitoka kwa chombo kwenda kuonana naye majini, na Wareno wakaandika kwamba alikuja na wapiga tarumbeta, na siwa mbili za pembe za ndovu zenye urefu wa mtu, zilizonakshiwa na kupulizwa kwa tundu la ubavuni. Gambusi nalo, la ngozi na shingo fupi, lilitoka Yemen likasambaa na mabaharia: Wamalay wakaliita gambus, Wangazija gabusi, Wamalagasi kabosy. Alan Villiers, baharia wa Australia, alisafiri mwaka 1938 na 1939 katika jahazi la Kuwait kutoka Aden hadi Zanzibar na Rufiji, na alieleza jinsi ambavyo hakuna kazi nzito iliyofanyika humo bila wimbo na ngoma. Na mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka na udi zao na matari yao hadi Bombay kuimba katika sahani za santuri, habari aliyoisimulia Shaaban Robert, mtu wa Tanga yetu.

Kila mmoja wa hao alipambana na jambo lilelile. Ngozi ya tari hulegea kwa umande wa bahari, lazima ioteshwe moto kabla ya kupigwa. Gundi ya udi huachia. Ala ya nchi kavu ikiingia baharini huugua. Lakini hawakuziacha nyumbani kwa sababu hiyo. Walizichukua kwa kuwa zilikuwa na kazi: kupandisha tanga, kutangaza kwamba mfalme anakuja, kuwafariji walio mbali na kwao. Ala iliyo na kazi hutengenezwa kila inapoharibika.

Basi nini kililiua zeze la babu, ikiwa chumvi haikuliua?

Wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani walifika Mlalo mwaka 1891. Bethel palikuwa mahali palipovuma kwa matarumbeta, chini ya mchungaji Johannes Kuhlo, na Walutheri wa milima hii wamekuwa wapenzi wa matarumbeta mpaka leo. Nayo yaliletwa kwa meli, yakashushwa Tanga, na reli ilipofika Mombo mwaka 1905 safari yake ikawa nyepesi. Babu alibatizwa baada ya kurudi Pemba, akapewa tarumbeta, akalipenda. Nilimsikia akilipuliza alfajiri ya Pasaka, ukungu ukiwa umejaa bondeni, na sauti ikienda kilima hadi kilima. Sithubutu kusema neno baya juu ya sauti ile. Nilimuuliza siku moja kama alikatazwa zeze. Akasema hapana, alijikataza mwenyewe. Aliona haya kuonekana nalo.

Kwa hiyo ala mbili zilizovuka bahari zilikutana katika nyumba moja, na moja ikaitwa ya kisasa, nyingine ikaitwa ya ushenzi. Tofauti yao ilikuwa tarehe ya kufika tu.

Lakini sitamtwika babu mzigo wote, maana ulio mkubwa ni wangu. Mwaka 1965, nikiwa kijana wa shule, babu aliliteremsha zeze siku moja ya mvua, akalipangusa, akaniita. Akasema, "Mjukuu wangu, njoo nikuoneshe, lisije likafa na mimi." Wakati huo redio ilikuwa ikitupigia Jamhuri Jazz na Atomic Jazz za Tanga, na sisi vijana tulikuwa tukichonga magitaa ya makopo. Nikamjibu kwamba mimi nataka gitaa, hilo ni la wazee. Hakukasirika. Alilitundika tena mahali pake. Alifariki mwaka 1974, na nyimbo zile za kulima, na zile alizozipatia Pemba, zikaenda naye.

Nimefundisha historia kwa miaka zaidi ya thelathini. Nimewafundisha watoto wa watu tarehe za Wareno na Wajerumani. Na chanzo kimoja cha historia kilichokaa jikoni kwetu, kikiniita kwa jina, nilikikataa kwa maneno saba.

Nilimwambia mgeni hayo pia. Hakunifariji kwa maneno matupu, nami nilimshukuru kwa hilo. Alinieleza kwamba kinanda chake nacho kilikuwa kimekaribia kufa. Alipokuwa mtoto, katika nchi ya Berry katikati ya Ufaransa, wapigaji walikuwa wazee wachache, na vijana waliwaonea haya. Baadaye kizazi chake kikabadilika, wakaanza kuwaendea wazee wale wakiwa na vinasa sauti. Mwaka 1976 likaanza tamasha la mafundi na wapigaji katika kijiji cha Saint-Chartier, na leo mafundi wanakichonga kinanda hicho upya. "Sisi tuliwahi," alisema. "Wengine katika bonde la pili walichelewa miaka mitano tu, na nyimbo zao hazipo. Vinanda vyao vipo, vizuri sana, ndani ya makumbusho."

Kwetu nako wapo waliowahi. Chuo cha sanaa cha Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, na Hukwe Zawose, Mgogo aliyefariki mwaka 2003, alilipeleka zeze la kwao, lile la upinde, mpaka kwenye majukwaa makubwa ya Ulaya. Yeye alilikuta mikononi mwa wazee wake akalipokea. Hiyo ndiyo tofauti kati yake na mimi.

Mgeni alipoondoka, nililiteremsha zeze. Nilimpata fundi seremala aliyenisaidia kuziba kibuyu kwa nta, na nyuzi mpya nilizinunua dukani. Ule mshipi mweusi niliuacha mahali pake. Kwa kuwa vinundu ni vitatu, uzi mmoja hutoa sauti nne tu, na mzee wa umri wangu aweza kuzijifunza. Kuna wimbo mmoja ambao babu alizoea kuupiga mluzi akipalilia mahindi. Sina maneno yake. Mwendo wake ninao, kwa sababu sikuusikiliza kwa makusudi bali uliniingia wenyewe, kama ulivyowaingia wale wa mnyororo nyimbo zao. Nimeupiga mbele ya mjukuu wangu, yule aliyesema anasaga mahindi. Anaupiga vizuri kuliko mimi. Sasa yuko Tanga, anajifunza kazi bandarini, na alipoondoka aliomba ruhusa ya kulichukua zeze.

Ndugu zangu walisema lisitoke nyumbani, ni kumbukumbu ya mzee, litaharibika kwa joto na chumvi. Nikawajibu kwamba litaharibika kweli, na litatengenezwa. Nikampa.

Ukutani kwangu sasa umebaki msumari na alama nyeupe pale moshi haukufika. Kama nyumbani kwenu yupo mzee mwenye zeze, au marimba, au filimbi, au wimbo tu wa kulimia, usingoje likizo ijayo. Nenda ukakae naye. Usimwambie unataka gitaa.